Niligusa Ekwalaiza ya Baba Mkwe, Akafokewa Mama Mkwe

Nimekosa. Nasema mapema, usije ukadhani mwishoni nitageuka shujaa. Vidole vilianza kosa, mdomo ukalimaliza.

Nimesoma hadi chuo kikuu, na huko nilijifunza kuuliza kila kitu. Mchungaji akisema sadaka ni mbegu, nauliza itachipuka msimu gani. Wazee wakisema mtu hagusi vitu vya baba mkwe, nauliza, kwani vina umeme? Hiyo haya yenye heshima kati yako na wakwe, sisi Wakamba tunaiita nthoni. Mimi niliiita woga uliovaa suti. Wacha tu!

Tulikuwa tumekwenda Sultan Hamud, nyumbani kwa kina Mwende, mchumba wangu. Mimi na mjomba tulitoka Kalamba kwenda kupanga siku ya kupeleka mbuzi wa ntheo. Mbuzi hao wasipopokelewa, kwetu huna mke, hata kama mna watoto wa kujaza benchi la kanisa.

Sebuleni kulikuwa na redio ya hai-fai ya mzee wake Mwende, ndefu kama kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Katikati yake ilikaa ekwalaiza, ile yenye safu ya vijiti vya kusukuma juu na chini, besi kushoto, sauti nyembamba kulia. Vya besi vilikuwa vimeshushwa hadi chini kabisa. Vingine vyote vimesimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa.

Nilikereka! Nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba ekwalaiza inafaa ikae sawa, muziki usikike kama ulivyorekodiwa. Na mimi, bingwa wa maswali, hilo nililimeza bila maji.

Nilijua kwamba mzee aliendesha posho mill, kinu cha kusaga unga, miaka mingi, na masikio yake yaliishia kwenye kelele za ile mashine. Hata salamu nilikuwa nimempigia kelele mlangoni. Lakini kuunganisha masikio hayo na vijiti vile? Thubutu!

Mzee akatoka na mjomba kumwonyesha ng'ombe wake. Nikasimama.

"Wewe, unafanya nini?" Mwende akaniuliza. "Hiyo ya baba haiguswi."

"Kwani itaniuma?"

"Itakuuma wewe, halafu iniume na mimi."

Nikavisukuma vyote katikati. Vikanyooka kama reli. Nikajiona nimeleta maendeleo.

Wakarudi. Mzee akamwambia mjomba, "Kabla ya maneno ya mbuzi, sikia kwanza sauti ya mke wangu. Kwaya yao ilirekodi, na yeye ndiye anaongoza." Akaweka CD, akainama kusikiliza. Uso ukakunjamana.

"Leo Mama Mwende ameenda wapi?"

"Si niko hapa!" mama akajibu, birika la chai mkononi.

"Si wewe! Yule wa ndani ya redio!"

Akaongeza sauti. Besi ikatikisa vikombe. Akaongeza tena, na tena, akimtafuta mkewe ndani ya ile ngurumo, hadi kitufe kikagoma kuzunguka. Wufa moja, ile spika ya besi, ikasema prrraaa, kama shuka linalochanwa. Halafu kimya.

Mzee akaitazama ekwalaiza, akamgeukia mama. "Ni wewe na kitambaa chako! Kila siku kupangusa, kupangusa! Nilikwambia vijiti hivi usiviguse!"

"Leo hata sijapangusa, Baba Mwende."

"Kwa hivyo vimetembea vyenyewe? Unanibishia mbele ya wageni?"

Mama akatazama chini. Siku ambayo sauti yake ilikuwa isifiwe na wageni, ndiyo siku aliyofokewa mbele yao.

Hapo ningesema. Maneno matatu tu: ni mimi, mzee. Unajua nilichosema? "Spika za zamani huchoka, mzee." Tena kwa sauti ya mtaalamu! Kisha nikachukua mandazi.

Mambo yakaendelea. Mbuzi wakakubaliwa, siku ikapangwa, mjomba akaomba dua ndefu. Nikatoka kama mshindi. Mwende akanisindikiza hadi barabara kuu.

"Unauliza Mungu yuko wapi," akasema tulipofika. "Unauliza nthoni ni ya kazi gani. Leo baba alitaka kujua kitu kimoja tu, nani amegusa. Hapo maswali yako yakaisha, na majibu pia."

"Nitanunua wufa nyingine."

"Nani amekuambia habari ya wufa? Hao mbuzi wako wakae Kalamba."

Nilijikaza wiki nzima. Mwishowe nikampigia mzee simu, nikiwa sokoni Kalamba. Sasa kukiri kwa mtu asiyesikia vizuri, jamani, si jambo la kunong'ona.

"Ni mimi niligusa ekwalaiza!"

"Nani?"

"MIMI! NDIMI NILIGUSA! MAMA HAKUGUSA!"

Akina mama waliokuwa wakipima ndengu wakaacha kupima. Mmoja akasema, "Aiya, amegusa nini huyo?"

"Nimesikia. Sasa mwambie mwenyewe. Yeye masikio yake ni mazima."

Mama akashika simu. Nikaanza kueleza, akanikatiza, kwa sauti ileile ya kwenye CD.

"Mwanangu, nilijua siku ileile. Mimi ndiye napangusa, siwezi kukosa kujua. Nilikuwa nangoja nione mwanangu anaolewa na mtu wa aina gani. Nikakuona ukila mandazi."

Wueh! Ningemfokea mtu ningepona. Ningemfokea nani?

Mbuzi bado wako kwa mjomba, wananenepa. Mwende hupokea simu zangu siku moja moja, na hataji ntheo. Simlaumu.

Wewe unayependa kuhoji mila kama mimi, hoji tu, sikukatazi. Lakini ukienda kwa wakwe, mikono ikae mfukoni. Na ikishindwa kukaa, sema umegusa kabla mama wa mtu hajaweka birika chini.