Ukungu Upande wa Sokoro

Sisi tuliokulia Ekerenyo enzi ambazo ukoo mzima ulitegemea gari moja, tunajua kwamba gari hilo lilihesabiwa kama mtu wa nyumbani. Letu lilikuwa dogo, jeupe, kuukuu, na mlango haukufunga mpaka uubamize. Ijumaa kabla jua halijatua tulilisugua kwa vitambaa, na Sabato likatupeleka kanisani tumebanana, tukinuka sabuni na ndizi za kuchemsha. Kiti cha mbele kushoto kilikuwa cha Sokoro, babu yetu. Magokoro, bibi yetu, aliketi nyuma yake. Hatukuthubutu kuwachukulia nafasi.

Sokoro alifariki wakati wa mvua nyingi. Mazishi yalipopita, gari likaanza kumaliza maji ya rejeta. Tena asubuhi, milango ikiwa imefungwa kwa ufunguo, tulikuta ukungu ndani ya kioo cha mbele, upande wa kushoto tu. Ukifungua mlango ulipokewa na harufu tamu, kama ya shimo alilokuwa Sokoro akivundikia ndizi.

"Mzee bado anapumua," Magokoro alisema. "Msimsumbue."

Baba alikuwa mwalimu, lakini gari alilitengeneza mwenyewe. Jioni alitandika majani mabichi ya mgomba chini ya injini, ili tone lolote lionekane. Asubuhi majani yalikuwa makavu. Akasema kama maji hayaendi chini, basi yanaingia ndani. Alipapasa zulia mbele ya kiti cha Sokoro, na vidole vikatoka vimelowa, vinateleza. Akatueleza kwamba nyuma ya dashibodi kuna hita, kama rejeta ndogo inayopitisha maji ya moto ya injini. Imetoboka, na mvuke wake ndio unaoshika kioo.

Magokoro aliendelea kuchambua chinsaga, mboga yake ya kila siku. Kisha akasema hiyo hita isiguswe.

Lakini Jumatatu ilikuwa siku yake ya kupelekwa hospitali Kisii, kutibiwa jicho ambalo lilikuwa karibu kufa. Injini isiyo na maji ingeungua njiani. Isitoshe, Baba alikuwa amebadilisha paipu ya breki, hewa ikaingia, na pedali ilizama hadi chini. Kwa milima yetu, hilo ni kaburi.

"Mama, jicho halitangoja," Baba alimwambia.

"Nilishamzika mara moja," akajibu. "Unataka nimzike tena?"

Baba akaanza na breki, maana hizo hazikuwa na mgogoro. Mimi nilikaa kwenye usukani, yeye akalala kando ya gurudumu. Akisema kanyaga, nakanyaga na kuachia mpaka pedali iwe ngumu. Akisema shikilia, nashikilia. Anafungua nati, hewa inatoka ikikoroma ndani ya chupa ya mafuta ya breki, anafunga. Ndipo aniambie niachie. Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na pedali, tukasogea karibu.

Tulipofika la mwisho, niligeuka kushoto. Injini ilikuwa imezimwa na jua limewaka. Kwenye kioo, mbele ya kiti kitupu, ukungu ulipanuka, ukanywea, ukapanuka tena, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Achia," Baba alisema. Mguu wangu haukusikia. "Moraa, nimesema achia."

Magokoro ndiye aliyekuja dirishani. Alitazama kioo kwa muda, akafunga leso yake vizuri.

"Fungua hiyo hita," akamwambia Baba. "Asije akasema nimepofuka kwa ajili yake."

Baba aliiacha hita nje ya mzunguko kwa kuunganisha mipira yake miwili ya kupitishia maji na kuikaza kwa klipu. Zulia tukalianika juu ya ua mpaka likakauka kau. Jumatatu kioo kilikuwa safi, rejeta imejaa, breki zinashika. Tuliteremka hadi Kisii. Magokoro alikaa pale pale nyuma, mbele yake kiti kitupu. Jicho lilipona.

Sabato iliyofuata, ukungu ulikuwepo. Kushoto tu.

Baba alifungua rejeta: imejaa. Akapapasa zulia: kavu. Yeye aliyekuwa na maelezo ya kila kitu alifunga boneti polepole, akaenda mlango wa kushoto, akaufungua na kuinamisha kichwa.

"Bwakire buya, tata," alisema. Ndivyo alivyomsalimu baba yake kila asubuhi alipokuwa hai.

Vijana wa leo huchomeka kidude, simu ikawatajia ugonjwa wa gari huku wakitafuna chipsi. Mpwa wangu, fundi pale Keroka, alicheka nilipomsimulia majani ya mgomba. Hajawahi kunusa gari akajua linaumwa wapi, wala hajawahi kukanyaga breki huku uhai wa baba yake ukitegemea mguu wake. Simlaumu. Magari yao yana taa za kuonya kila kitu, na nyumba zao hazina mtu mwenye kiti chake.

Letu bado liko uani, nami ndiye ninayelitunza. Magokoro naye tulishamzika. Asubuhi za baridi natoka na kikombe cha uji, nakagua maji, napapasa zulia, halafu nasalimia. Siku hizi ukungu huwa kwenye vioo viwili: cha mbele kushoto, na cha dirisha la nyuma yake.