Chipu Moja ya Vincent Njeru

Vincent Njeru alihangaika karibu miaka miwili kuupunguza mtambo wake wa simu za ofisini, kutoka ubao wa ukubwa wa meza hadi kisanduku cha kubebwa kwapani. Ule wa kwanza, aliouunda sebuleni kwake mtaa wa Majimbo, Embu, ulijaa chipu ndogondogo. Katika huu wa mwaka 1996, kazi zote zilifanywa na chipu moja iliyoagizwa ng'ambo. Waya zilipungua, joto likapungua, na mahali pa kuharibika pakapungua. Palibaki mahali pamoja tu.

Zahanati moja kule Kiambere ilikubali kuujaribu. Ukifanya kazi, angepata wateja wengine. Usipofanya, angerudi kufundisha fizikia Karurumo, ambako mwalimu mkuu alimwekea nafasi hadi Jumatatu.

Mkewe, Peninah, ndiye aliyefunga mizigo. Chipu ilisafirishwa kando, isije ikalegezwa na barabara. Ilikuwa imechomekwa kwenye sponji nyeusi ya kuikinga na umeme tuli, ule wa msuguano, unaoweza kuiua. Peninah aliiona sponji hiyo chafu mno kwa kitu cha bei. Akaichomoa chipu, akaisugua kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa uzi wa nailoni, kisha akaifunga humohumo, kama vikombe vya wageni.

Kiambere palikuwa pakavu, vumbi tupu. Vincent alipokifungua kitambaa, vinyweleo vya mkono wake vilisimama kuelekea ile nailoni. Aliichomeka chipu, akawasha, akapima umeme. Ulikuwa sawa. Akainua mkono wa simu. Kimya.

“Fundi, ama inangoja maombi?” aliuliza Veronicah, muuguzi msimamizi.

“Omba tu, Sista.”

“Na ule wako mkubwa si uliongea?”

“Uliongea. Chipu moja ikifa, laini zingine zilikuwa zinaendelea.”

“Na huu?”

“Huu umekufa wote.”

Alirudi Majimbo jioni. Peninah alimpokea kisanduku mlangoni.

“Baba Sheila, imeongea?”

“Haikuongea.”

“Na vile niliisafisha!”

“Ilikuwa safi, Mama Sheila.”

Kuagiza nyingine kungechukua miezi, na mwalimu mkuu hangengoja miezi. Vincent alivua viatu, akakaa kwa muda bila kuegemea. Kisha akamwomba mkewe ampigie pasi shati jeupe.

“La kwenda wapi?”

“Karurumo.”

Peninah alikwenda kuwasha makaa ya pasi. Hakuwahi kuambiwa habari za kile kitambaa.