Miche kwa Watu Wanaoondoka

Wiki jana afisa mmoja kutoka Lilongwe alituletea miche ya parachichi hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Alisema joto linazidi na mvua zimeharibika, kwa hiyo kila nyumba ichukue mmoja bure, ukue uwe kivuli na kinga ya upepo. Watu waliitazama, kisha wakarudi nyuma. Hapa tunaishi na sanduku la bati lililofungwa kando ya mlango, tukingoja kupelekwa ng'ambo, na mtu anayeondoka hapandi mti.

Papa mmoja, mzee wa Uvira kule Kongo, mikono mgongoni, alitusemea sote: "Huu mti utakunywa maji yangu, na mi niko naondoka."

Mama mshonaji wa Bukavu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akamgeukia. "Upepo ilibeba paa yangu mwezi ile ilipita, papa. Iliniuliza kama niko na dosiye, makaratasi ya kwenda Kanada?"

"Lakini maji, mama? Unajua mstari ya kwenye bomba."

"Najua. Mi njo nasimamaka kule, hapana we."

Akakwapua miche miwili, akamwambia afisa zikomo, asante ya watu wa hapa, akaenda zake.

Wakubwa wa dunia nao husema gharama ya kuzuia joto hili ni kubwa, tungoje kwanza. Ningewacheka, ila na mimi nilikuwa nimerudi nyuma na wenzangu.

Nikaufuata mche wangu. Nimeupanda mbele ya mlango, nikaling'oa sanduku langu mfuniko na kitako, nikauzungushia bati lake ili mbuzi wasiufikie. Kanada wakiniita, nguo zangu nitazibeba kwenye gunia.