Aliyeangusha Kijiti

Babu aliniita sebuleni asubuhi, akasema nilete laptop tuandike wasifu wake. Ule wa kusomwa msibani. Nikamwambia, "Babu, si bado upo hai?"

"Ndiyo maana, mke wangu. Nikishakufa, baba yako ataniandikia uongo."

Hapa Mbeya hakuna mazishi bila wasifu. Mtu anasimama karibu na jeneza, anasoma marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliugua nini, watu wanatikisa kichwa, basi. Hakuna anayenyoosha mkono kuuliza swali. Babu alikuwa wakili kabla ya kuwa mbunge, na ubunge alikaa nao miaka mingi mpaka watu wa jimboni wakadhani Mheshimiwa ndilo jina alilobatizwa. Kwa hiyo alijua anachofanya.

Mimi sina subira, najijua. Matokeo ya form six yalikuwa hayajatoka na kila kitu nilikiona kinachelewa. Tulimaliza shule, uwakili, ubunge vipindi vyote, nikataka kufunga laptop. Akasema tumeruka riadha. Nikaandika kwamba alikimbia mbio za kupokezana vijiti, timu ya kanda.

"Ongeza," akasema. "Kijiti kilichoanguka fainali nilikiangusha mimi."

Nikaacha kuandika. Hiyo stori kwetu tunaijua wote, tena tunaicheka. Babu alikuwa mkimbiaji wa tatu, rafiki yake wa Iringa alikuwa wa nne, na kijiti kilimponyoka huyo rafiki. Mpaka leo mtoto akivunja kikombe nyumbani anaitwa kwa jina la yule mzee.

"Nilikiachia mapema," Babu akasema. "Mwenzangu alikuwa hajakishika. Kocha alipouliza, nikasema amekipokea vibaya. Niliongea vizuri. Hata wakati ule nilikuwa naongea vizuri."

Rafiki yake akaondolewa kwenye timu. Wenzao wawili walichukuliwa jeshini kwa ajili ya mbio, wakapata kazi mpaka wakastaafu. Yeye akarudi kulima.

"Yuko hai?" nikauliza.

"Yuko."

"Sasa Babu, unataka akusikie ukiwa kwenye jeneza? Hapo atakujibuje?"

Najua nilivuka mpaka. Alinitazama muda mrefu, nadhani hivyo ndivyo alivyokuwa anawatazama mashahidi. Siku mbili hakuniongelesha. Ya tatu akasema nikate tiketi, tunaenda Iringa.

Njiani, basi liliposimama Igawa, abiria walishuka kununua mahindi ya kuchoma, yeye akabaki kwenye siti, koti la suti limefungwa vifungo vyote kama anaenda bungeni.

Yule mzee tulimkuta uani kwake anapukuchua mahindi na watoto wake wawili, mwanamke na mwanaume, watu wazima wa umri wa baba yangu.

"Kamwene," Babu akasalimia.

"Kamwene, Mheshimiwa! Umepotea jimbo? Huku mimi sikupigii kura!"

Wakacheka wote. Babu hakucheka. Tukaletewa viti, nikawaamkia, wakaniuliza habari za Mbeya. Halafu Babu akasema, "Ndugu yangu, nina neno na wewe. Tuingie ndani."

Mzee hakuinuka. "Ni la kijiti?"

Babu akashika kifungo cha koti.

"Kama ni la kijiti, mimi wa kuniambia nini? Nilikuwepo. Waambie hawa. Hawa ndio waliotaniwa shuleni."

Mimi Babu nimemwona akihutubia uwanja mzima bila karatasi. Pale alifungua mdomo mara mbili, hakikutoka kitu. Maneno nilikuwa nayo mimi, yote. Nikajiuma ulimi. Sijawahi kusubiri kitu kwa uchungu vile.

"Baba yenu hakuangusha," akasema mwishowe, akiangalia chini. "Niliangusha mimi, nikamsingizia."

Yule binti yake akaweka gunzi chini. Hakumtazama Babu, alimgeukia baba yake. "Baba, mbona hukuwahi kutuambia?"

"Nilisema. Siku ileile, mbele ya kocha. Walimsikiliza huyu." Akamwonyesha Babu kwa kidevu. "Nikaona nikirudia nitaonekana nalialia."

Kaka yake akasimama, akajikung'uta suruali, akatoka kuelekea barabarani bila kuaga. Babu akanyanyuka amfuate.

"Muache," mzee akasema. "Kaa."

Babu akakaa. Mzee akamsukumia beseni kwa mguu. Babu akavua koti, akanipa nilishike, akaanza kupukuchua. Alikuwa anapukuchua vibaya, punje zinaruka mpaka kwenye viatu vyake, na hakuna aliyemcheka wala kumwelekeza. Tulikaa hivyo mpaka muda wa basi, na yule kaka hakurudi.