Moshi wa Mzee Sheshe

Mume wangu Kristian ni fundi seremala hapa Malindi, hii ya milima ya Lushoto, si ile ya Kenya, na kwa ubishi hana mpinzani. Lakini wiki ile nilimkuta ameduwaa, randa mkononi, ubao haujaguswa. Kisa gemu ya kwenye simu! Jamani.

Mwanetu Faraji alikuwa amepata mtoto wa kiume. Kristian akatangaza mtoto ataitwa Sheshe, jina la babu yake aliyekuwa askari wa Mjerumani. Kristian hakumjua sana babu huyo, alisimuliwa na bibi yake. Kwamba alikimbia Vita vya Kwanza vya Dunia kule mpakani kwa sababu bunduki yao ilipiga risasi moja tu, halafu moshi unakufunika, adui anajua ulipo, na wewe bado unahangaika kuweka nyingine. Nani asingekimbia?

Sasa Faraji akamwonyesha gemu ya vita hivyo hivyo. Askari wa Mjerumani anapiga tano mfululizo, moshi hakuna hata wa sigara.

"Mama Faraji," Kristian akaniambia, "gemu hii wametengeneza Wajerumani wenyewe. Watakosea bunduki yao?"

"Kwani mimi nilizaliwa kiwandani kwao?"

Hakucheka. Kama babu alidanganya, basi alikuwa mwoga tu, na mjukuu hapewi jina la mwoga. Ubatizo ulikuwa Jumapili. Asubuhi jina ni Sheshe, mchana si Sheshe, jioni hajui. Kichwa kikaniuma, nikamburuta hadi Lushoto mjini kwa mwalimu Anitha, anayefundisha historia.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama." Tukamweleza kisa cha babu, akaitazama gemu. "Bunduki hii ilikuwepo kweli, mzee. Ila vita vilipoanza, askari wengi walikuwa na zile za zamani. Risasi moja moja, na baruti yake ina moshi mzito. Mpya ziliwafikia wengi baadaye. Babu alikimbia mwaka gani?"

"Mwaka wa kwanza."

"Basi huenda alisema kweli tupu."

Nikajua atafurahi. Wapi! Tulipotoka nje akasimama kando ya barabara, akalia, mtu mzima na mvi zake.

"Mtoto ataitwa Sheshe," akasema. "Jina hilo nilikuwa nipewe mimi. Baba alikataa. Alimwita babu mwongo mpaka siku ya mwisho, hata kumzika hakwenda."

Miaka thelathini na minane ya ndoa, hilo sikuwahi kulisikia. Akaniita kwa jina langu.

"Na baba naye amekufa, Marta. Sasa nimwambie nani?"