Salio Baada ya Umeme

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la jasi. Alipakia Makanya, akaenda popote tajiri alipomtuma, na alirudi nyumbani Same mweupe kama mtu aliyeangukia pipa la unga. Hakunywa pombe, hakufuata mpira. Ugonjwa wake ulikuwa sauti. Siku moja alishusha kwenye lori spika mbili za honi zilizotoka kwenye klabu ya shamba la mkonge lililofungwa, zile walizokuwa wakiwaonyeshea wafanyakazi sinema. Kila moja ilikuwa kubwa kuliko kabati langu la vyombo. Nilimwambia achague, mimi au hayo madude. Akasema tutaenea wote, akasukuma cherehani yangu kwenye kona.

Amplifaya aliipata baadaye kwa mzee aliyekuwa anahama mji. Ilikuwa ya transista, ya zamani, uso wake wa bati la rangi ya fedha, nzito kama jiwe la kusagia. Marafiki zake walimcheka. Huku kwetu spika kubwa maana yake ni mzigo mkubwa wa umeme. Mtu akiona honi anatafuta amplifaya ya ukumbini, ile ya kutikisa mabati. Yeye alishikilia kwamba honi hazina njaa.

"Hizi ukizipa kijiko zinashiba," alikuwa akisema. "Sauti yote unayoisikia humu ndani haifiki wati moja."

"Hiyo wati moja yako inanizuia kusikia cherehani," nilimjibu.

Ila honi zina ubaya mmoja, hazifichi kitu. Spika ya kawaida inameza makosa ya amplifaya, honi inayatangaza. Hata muziki ukiwa haujawekwa zilitoa mvumo na mchirizo kama mvua ya mbali. Ikawa kila Jumapili baada ya ibada anaingiza kichwa kizima kwenye mdomo wa honi, anasikiliza, anatoka, anabadilisha waya, anaingia tena. Mimi nilikuwa naona miguu tu. Ilimchukua muda mrefu, lakini mvumo uliisha. Ukiwasha, hujui kama imewaka mpaka uone taa.

Siku umeme ulipokatika muziki ukiwa unapiga ndipo tulipokutana na lile jambo. Wimbo ulikuwa unatoka kwenye simu yake, kwa hiyo simu iliendelea, na amplifaya nayo ikaendelea. Taa zilizima, friji ikanyamaza, mashine ya kusaga ya jirani ikaguna na kusimama, na sisi bado tunasikiliza kwaya. Mtu angeweza kunyanyuka, kufunga madirisha na kurudi kukaa. Kisha sauti ilianza kukonda, ikawa kama ya mtu anayezungumza huku anaondoka, na mwisho kabisa ikakwaruza kidogo. Ikaisha.

Mimi nilisimama na mkasi mkononi. Yeye alicheka mpaka akakohoa. Akanieleza kuwa ndani kuna kapasita mbili kubwa kama makopo ya maziwa zinazohifadhi umeme, kama tenki letu la maji linavyotusitiri bomba likikauka. Amplifaya ikiwa na spika za kawaida tenki linaisha mara moja. Honi zinakunywa kidogo, basi linadumu. Tangu siku hiyo tuliliita salio. Umeme ukikatika alikuwa anainua kidole na kusema, "Tulieni, bado kuna salio."

Jirani wa mashine alisikia akiwa amekaa gizani kwake. Asubuhi alinipa salamu kwa mbali na kuniuliza kama tuna mgeni asiyeonekana.

Kifua kilikuwa kimemsumbua mume wangu miaka mingi, na mwisho kilimshinda. Tulimzika juu milimani, nyumbani kwao. Baada ya mazishi nilishuka na mama yake ili aonwe macho hospitali, kwa kuwa alikuwa anaona vivuli tu. Tulipanga akae kidogo, kisha tupande naye kwenda kumaliza matanga, maana wazee wa ukoo walisema hawawezi kuyamaliza bila mama mzazi. Nilimtandikia kitanda sebuleni, karibu na zile honi, kwa sababu hakukuwa na nafasi nyingine.

Nilimwekea nyimbo za kanisani. Alasiri moja umeme ukakatika. Mashine ya jirani ikaguna, ikasimama. Waimbaji wakaendelea, wakaanza kukonda, na mwishoni ikaja ile sauti ya kukwaruza. Mama mkwe alikuwa amekaa wima kitandani.

"Huyo," alisema. "Umemsikia?"

"Nani, mama?"

"Anasafisha koo."

Ningependa kusema nilimcheka. Sikuweza, kwa sababu ilikuwa kweli. Ile sauti ilikuwa ya mume wangu kabisa, vile alivyokuwa akisafisha koo lililojaa vumbi la jasi kabla ya kuvuka kizingiti. Niliishi na kikohozi kile miaka yote ya ndoa.

Nilimweleza habari ya kapasita. Nilimweleza habari ya tenki la maji. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtoto anayekariri shairi la shule, kisha akasema umeme wa nguzo ndio uliokatika, wa mwanawe haujakatika. Jioni hiyo nilipopakua makande alitaka sahani ya tatu. Niliipakua. Ningefanyaje?

Wazee wakapiga simu kuuliza tunapanda lini. Akawajibu kwa Chasu, lugha ya kwao milimani, na nilielewa vizuri alichosema: mtu hamalizi matanga ya mtu aliyepo. Wakapiga tena. Hakutaka hata kushika simu. Aliacha kuulizia mbuzi wake, aliacha kuulizia migomba yake, na chakula alionja tu. Kazi yake ikawa kungoja umeme ukatike, na kama ujuavyo, ukiungoja haukatiki. Siku moja akaniambia, kwa sauti ya chini, kama binti anayeomba kitu cha aibu:

"Mwanangu, zima kidogo kule ukutani. Tumsikie."

Nikazima swichi kuu. Tukamsikia. Kesho yake akaniomba tena, nikazima tena. Siku iliyofuata hakuniomba. Nilijikuta niko ukutani mwenyewe, wateja wakiwa wanasubiri nguo zao barazani, mkono uko kwenye swichi na sikio limegeukia sebuleni. Hapo niliogopa. Sikumwogopa marehemu, nilijiogopa mimi. Nilikuwa namwonea huruma bibi kizee asiyekubali kifo cha mwanawe, kumbe tulikuwa wawili.

Amplifaya yenyewe ndiyo iliyotukatalia. Mvumo ulirudi, mzito, hata muziki ukiwa haujawekwa, na honi ya kushoto ikaanza kupasuka kama kuni mbichi motoni. Nilimwita fundi wa redio wa karibu na stendi, mwanamume mtulivu wa makamo. Alitusalimu, shikamoo mama, shikamoo bibi, akafungua mfuniko na kushika kidevu. Kapasita zote mbili zilikuwa zimevimba vichwa.

"Mnaizima na kuiwasha sana?" aliuliza.

Nilianza kuokota nyuzi sakafuni.

Alinieleza kwa lugha nyepesi. Amplifaya za umri huu hazina ulinzi. Transista ikifa, umeme unakwenda moja kwa moja kwenye spika, na hizi honi ndani yake zina utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Ukiungua umeungua, hakuna duka lenye mwingine. Alitaka kuweka kapasita mpya pamoja na rilei, kifaa kidogo kinachosikilizia umeme. Ukikatika tu, nacho kinaitenga spika papo hapo.

"Papo hapo?" nilimuuliza. "Haibaki sauti hata kidogo?"

"Haibaki, mama."

"Na ukiweka kapasita bila hiyo rilei?"

"Hapo itabaki tena sana, maana hizi ni mpya na kubwa zaidi. Lakini sikuhakikishii usalama wa honi. Inaweza kuwa mwakani, inaweza kuwa leo jioni."

Nilitamani kumwambia aache rilei yake. Nasema wazi, nilitamani vibaya sana. Kikohozi kirefu kuliko kile tulichokuwa nacho, ukutani kwangu, kwa kubonyeza swichi tu. Nilimtazama mama mkwe, shingo yake ilivyokonda tangu ashuke mlimani. Nikafikiria siku honi zitakapoungua naye akiwa anangoja, na kwamba nitamwambia nini.

Nikamwendea, nikachuchumaa mbele yake. "Mama, fundi akiweka hiki kidude, umeme ukikatika hatutamsikia tena."

Alitabasamu. "Aweke tu. Mwanangu si wa umeme."

"Weka," nilimwambia fundi.

Aliweka, akaondoka. Mvumo uliisha, ukimya ukawa ule wa zamani. Kwa siku kadhaa umeme haukukatika, na sikugusa swichi. Nilikuwa nashona huku roho iko juu. Ungekatika na akasikia kitu hata hivyo, kwa masikio yake, ningejua nimempoteza. Asingesikia kitu, sikujua kama moyo wake ungehimili.

Ulikatika mchana, jua kali, upepo wa Same ukipeperusha vipande vya kitambaa barazani. Mashine ya jirani iliguna. Ndani ya amplifaya pakalia "tap", kama mtu aliyegonga kucha mezani, na kwaya ikakatika katikati ya neno. Niliacha cherehani na kuingia sebuleni.

Alikuwa amegeuzia uso kwenye honi ya kushoto. Alingoja. Nje mtu alipita na baiskeli, mbuzi wa jirani akalia. Bado alingoja. Nilisimama mlangoni, nikisikiliza na mimi, Mungu anisamehe, nikiomba kimoyomoyo kwamba rilei iwe mbovu.

"Ameondoka," alisema mwishowe. Kisha akalisema lile neno lenyewe, kwanza kwa Chasu, halafu kwa Kiswahili ili nisije nikasema sikusikia: "Amekufa."

Akaanza kupapasa hewani kwa mkono. Nilidhani anatafuta fimbo yake nikaisogeza, akaisukuma kando. Alinitafuta mimi. Alinishika bega, akapanda mpaka kichwani, akakivuta kifuani kwake kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Pole, mwanangu," akaniambia. "Pole kwa kufiwa na mumeo."

Watu wote waliokuja msibani walikuwa wameshanipa pole, isipokuwa yeye.