Nukta Kwenye Pembe ya Karatasi

Jina lake halisi lilikuwa kwenye hati ya mshahara. Sisi tulimwita Bi Chujio, na mwenyewe alilipenda. Kwa miaka ishirini na tatu alikuwa karani wa jarida la afya la chuo chetu, na kila makala iliyotumwa na mtu yeyote kutoka popote ilipita kwanza mikononi mwake. Mimi ni msahihishaji wa jarida hilohilo. Meza zetu zilitazamana. Tuligawana dirisha moja, birika moja la chai na feni iliyogoma kugeukia upande wangu. Ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu, na sehemu yangu ya aibu nitaisema nikifika hapo.

Alikuwa mcheshi. Mkubwa akija kuulizia makala yake, alimjibu bila kuinua kichwa, "Baba, iko jikoni, usifunuefunue sufuria." Wote tulicheka, na mkubwa mwenyewe aliondoka akicheka.

Makala nyingi zilikuja kwa barua pepe, chache kwa bahasha. Bi Chujio alizichapa, akazibana, akazigawa kwa wapitiaji, yaani wataalamu wanaosoma makala na kuamua kama inafaa kutoka. Wapitiaji wetu walikuwa saba, wote wazee wa vyuo vikuu vitatu vikubwa, na nusu yao walisoma darasa moja. Kabla ya kugawa, alitazama anwani. Mwandishi akiwa wa chuo chenye jina, karatasi ilikwenda safi. Akiwa wa zahanati ya mbali, au wa chuo kidogo kisichojulikana, au jina lake halikutanguliwa na Daktari wala Profesa, Bi Chujio alichukua penseli akatia nukta ndogo kwenye pembe ya juu, kulia. Mhariri wa zamani ndiye aliyemfundisha hivyo wiki yake ya kwanza kazini, ili wazee wakiiona wajue si ya kupotezea muda. Makala yenye nukta ilirudi baada ya siku mbili tatu, na mwandishi akapata barua ya mistari minne: tunashukuru, ila haiendani na upeo wa jarida letu.

Niliijua hiyo nukta. Niliijua tangu mwaka wangu wa pili na sikufungua mdomo. Ndiyo aibu yangu.

Kisha akaja mhariri mkuu mpya, mama mfupi wa sauti ya chini, aliyefundisha miaka mingi kwenye chuo kidogo cha aina ileile ya kutiwa nukta. Siku ya kwanza alitukalisha. "Kuanzia leo mpitiaji asijue makala ni ya nani wala imetoka wapi," alisema. "Asome kazi tu. Na nikimkamata mtu anahukumu kwa anwani, hata awe amebakiza siku moja astaafu, ataondoka."

Bi Chujio alitii. Kila makala aliitoa ukurasa wa majina, akaufungia kabatini. Lakini mkono ulishazoea, na nukta aliendelea kuitia. Siku moja aliniona namwangalia.

"Usinitolee macho, mdogo wangu," alisema. "Jarida likijaa takataka, atakayeulizwa ni nani? Si mimi?"

Hakuwa na roho mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa na roho mbaya ningemchukia nikapumzika.

Mwaka ukaisha. Mhariri mkuu akasimama mlangoni kwetu ameshika orodha ya makala zilizochapishwa. "Tumeficha majina mwaka mzima," alisema, "na waliotoka ni walewale, wa vyuo vilevile. Kuna kitu humu ndani sikioni." Hakungoja jibu. Bi Chujio alijimiminia chai, ikapoa mbele yake.

Tangu siku ile chumba chetu hakikukalika. Mlango ukilia tu, alifunika karatasi kwa kiganja. Utani ulikwisha. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na kila mara mhariri mkuu alipopita kwenye ujia, Bi Chujio alinyamaza mpaka nyayo zipotee. Nami nilinyamaza naye. Tulikaa hivyo kama watu wawili waliosikia harufu ya moshi, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme.

Ndipo ilipofika ile bahasha ya kaki, iliyoandikwa kwa mkono. Ilitoka kwa muuguzi wa zahanati ambayo hata posta huifikia mara moja kwa wiki, na ilikuwa mara yake ya tatu kututumia makala ileile.

"Huyu naye hachoki," Bi Chujio alisema, penseli tayari mkononi.

Juu ya makala kulikuwa na barua. Haikuandikwa kwa mhariri. Iliandikwa: Kwa anayefungua bahasha. Hilo lilimchekesha kidogo, akaanza kunisomea kwa sauti ya kuigiza.

"Sijui kama wewe ni dada au kaka. Makala yangu imerudi mara mbili, haina hata ukurasa uliokunjwa. Mara ya kwanza nilieleza habari za watoto wanne. Mara ya pili kumi na wawili. Sasa ni thelathini na mmoja, na tisa kati yao tumewazika. Kikombe kinachouzwa pamoja na dawa ya maji ya homa kimechorwa vibaya. Mstari wa mililita tano unabeba karibu tisa. Nimewaandikia wakubwa, wananiuliza utafiti wangu umechapishwa wapi. Najua sijui kuandika kama wasomi. Usinisome mimi. Soma jedwali."

Sauti ya kuigiza ilimwishia kwenye wale tisa. Sehemu iliyobaki aliisoma polepole, kwa sauti yake mwenyewe. Kisha akaniuliza ni dawa gani hiyo. Nilimwambia jina lililoandikwa kwenye jedwali, nalo ni la dawa inayouzwa kila duka. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kesho yake alikuja macho yamevimba. Alikaa, hakuwasha hata kompyuta.

"Mkamwana wangu anayo hiyo dawa, iko rafuni na kikombe chake," alisema. "Nikanunua bomba la sindano. Nikavuta maji mililita tano, nikamimina kwenye kikombe. Hayakufika mstarini. Nikaongeza. Nikaongeza tena."

Nilivuta kiti changu karibu naye.

"Mwezi uliopita mjukuu alishikwa na homa. Tulimpa siku tatu. Akalala, mdogo wangu, alilala mchana kutwa, macho yana umanjano, sisi tunasema homa imemchosha. Tukamshukuru Mungu kwamba analala."

"Sasa yukoje?"

"Anacheza," alisema. "Yeye anacheza."

Nilimshauri aipeleke makala kwa wapitiaji bila nukta, mambo yaishe kimyakimya. Nilisema hivyo, na niliogopa kwa ajili yangu pia. Alitikisa kichwa.

"Kwa wazee itakaa miezi minane. Ili mama mhariri aikimbize leo, lazima ajue imeshakuja mara mbili. Na akijua hivyo, atauliza nani aliirudisha."

Alipiga moyo konde akainuka. Nilimfuata hadi kwa mhariri mkuu.

Mhariri mkuu alisikiliza yote: nukta, mhariri wa zamani, miaka ishirini na tatu, na mimi niliyejua. Hakupaza sauti. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Ni makala ngapi?" aliuliza.

"Sijawahi kuhesabu, mama."

"Tutahesabu. Na habari ya kazi zenu tutaizungumza baadaye." Alimsogezea Bi Chujio simu ya mezani, yeye akashika yake ya mkononi kutafuta namba ya wakubwa wa mamlaka ya dawa. "Mpigie muuguzi. Wewe mwenyewe."

Bi Chujio alipiga namba iliyokuwa kwenye barua, spika ikiwa wazi. Simu iliita sana. Kisha sauti ya mwanamke ikajaa chumbani.

"Zahanati hapa."

"Naomba kuongea na muuguzi aliyeandika kuhusu vikombe."

"Ndiye mimi."

"Napiga kutoka kwenye jarida. Tumesoma makala yako."

"Mmeisoma lini?"

"Jana."

"Ya kwanza niliwatumia mwaka juzi."

"Najua. Ni mimi niliyekuwa nairudisha."

Nilingoja amtukane. Nadhani hata Bi Chujio alitamani atukanwe, aone ameanza kulipa.

"Una kalamu hapo?" muuguzi aliuliza.

"Ninayo."

"Basi andika. Hilo jedwali limeshapitwa, bahasha nilipeleka posta wiki tatu zilizopita. Andika umri na siku aliyoletwa."

Bi Chujio akaandika. Sauti iliendelea bila haraka, ya mtu aliyezoea kusoma orodha: miezi kumi na minne, Jumatatu. Miaka miwili, Jumatatu hiyohiyo. Miezi tisa, Jumatano. Mhariri mkuu aliteremsha simu yake akabaki anasikiliza. Kwa mtoto wa kumi na moja Bi Chujio alisema, "Ningoje kidogo, dada," akaninyooshea mkono nimpe karatasi nyingine.